SOMO: JANI LA MKONGE LINAKWENDA WAPI?



Mtu wa pwani hafundishwi kutumia nazi. Akishaikuna kwenye mbuzi na kukamua tui, chicha huwapa kuku. Kifuu huwa upawa, na upawa ukipasuka huenda jikoni kuwa kuni. Makumbi hufukiwa katika tope la ufukoni kwa miezi kadhaa mpaka yalainike, kisha kina mama huyaponda na kusokota kamba. Majani ya mnazi ni makuti. Tukiulizwa takataka ya nazi ni ipi, tutatafuta tusiione. Siku hizi wataalamu wanauita mwendo huu uchumi wa mzunguko, na wanaufanyia mikutano mikubwa. Tusiwacheke, maana jina jipya mara nyingine huwafanya watu watazame tena jambo walilokwisha kulisahau.

Basi katika somo hili tutazame zao jingine, ambalo sisi wa Kigombe tunalipita kila tukienda Tanga au Pangani: mkonge.

Mkonge ulikuja kama mgeni. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Dakta Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani, ingawa asili ya mmea huo ni Mexico. Iliyofika ikiwa hai ni 62 tu, nayo ikapandwa Kikokwe, karibu na Pangani. Kutoka miche hiyo michache yalianza mashamba ya nchi nzima, na mwaka 1964 tulitoa takriban tani 230,000 za singa. Hayo wengi tunayajua. Jambo tusilolifikiri sana ni yale yaliyobaki nyuma ya singa hizo.

Jani likiingia katika korona hupondwa na kukwanguliwa huku likimwagiwa maji mengi. Singa zinatoka upande mmoja, zinakwenda kuanikwa. Nyama ya jani na maji yake vinatoka upande mwingine. Sasa fanyeni hesabu. Katika kilo 100 za majani, singa ni kama kilo 4 tu. Yaani kila tani moja ya singa imeacha nyuma yake tani 24 za kitu kingine. Kwa hesabu hiyo, mavuno ya mwaka ule wa 1964 yaliacha zaidi ya tani milioni 5. Zilikwenda wapi? Zilirundikwa karibu na viwanda, na nyingine zilifuata mifereji mpaka mitoni. Maji ya mkonge ni makali, na yanapooza mtoni yanamaliza hewa ambayo samaki huvuta. Rundo lenyewe likioza bila kupata hewa hutoa gesi inayozidisha joto la dunia. Harufu yake hatuna haja ya kuieleza. Aliyepita karibu na korona anaijua.

Lakini gesi ile ile inaweza kuwasha taa. Kati ya mwaka 2005 na 2008 kampuni ya Katani, ikisaidiwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo ya Viwanda na wengineo, ilijenga mtambo katika shamba la mkonge la Hale. Mabaki ya korona yaliingizwa katika matangi yaliyofungwa, vijidudu vikayala humo pasipo hewa, gesi ikatoka, nayo ikaendesha injini ya umeme. Uji uliobaki ni mbolea. Tusikuze habari: uwezo wa mtambo ule haukuzidi kilowati 300, na pale pale Hale kituo cha maji kilijengwa kutoa megawati 21. Tena matangi na injini ni ghali, na yahitaji fundi wa kuyaangalia kila siku. Hata hivyo kwa maoni yetu ulionyesha jambo kubwa kuliko umeme wake, kwamba shamba linalonunua umeme wa kuendeshea korona linautupa umeme mwingine mlangoni.

Asiye na mtambo naye ana la kufanya. Mabaki yaliyokwisha kuoza vizuri ni mbolea ya shamba. Mabichi msiyaweke kwenye mashina ya mimea, kwa sababu ya ule ukali tuliousema. Yaacheni kwanza yaoze, na kuyageuza mara kwa mara. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameotesha hata uyoga wa kula juu ya mabaki ya mkonge.

Kuna jambo moja ambalo linatuuma zaidi. Kamba ya mkonge haikushindwa kwa ubaya wake. Ilishindwa na kamba ya plastiki, iliyokuwa rahisi kununua, na mwishoni mwa miaka ya 1990 mavuno yetu yalikuwa yameshuka chini ya tani 30,000. Watu wengi walikosa kazi. Sasa plastiki hiyo hiyo iliyoondoa mkonge sokoni ndiyo inayoletwa na mawimbi ufukoni kwetu. Kamba ya mkonge ikianguka shambani huoza ikawa udongo. Ile nyingine wajukuu wataikuta.

Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, na tofauti tumeiona. Lakini mingi ya mifuko mbadala tunayopewa dukani, ile inayofanana na kitambaa, nayo imetengenezwa kwa plastiki. Kikapu cha ukindu bado kinashonwa, na pesa yake hubaki kijijini.

Kwa wavuvi shida ni kubwa zaidi. Bahari yetu imo ndani ya Hifadhi ya Silikanti iliyotangazwa mwaka 2009, kwa ajili ya yule samaki wa kale aliyeanza kunaswa katika majarife ya pwani ya Tanzania mwaka 2003. Jarife la nailoni likipotea kilindini haliachi kuvua. Linanasa miaka na miaka bila mwenyewe. Nyavu kuukuu zifaa kuzungushia bustani ya mchicha kuku wasiingie, au kufungia mizigo ya kuni. Kipande kisichofaa hata kwa hayo kirudi nchi kavu pamoja na mvuvi, kiwekwe pamoja na vingine mpaka apatikane wa kuvichukua.