Unauza shamba? Tangazo lako lijibu maswali ya mnunuzi

Vijana wenzangu, "Shamba zuri linauzwa, bei maelewano" halimtoi mtu Mwanza kupanda meli kuja Bukoba. Fanya hivi:

1. Picha. Piga asubuhi, simu ukiilaza. Nne zinatosha: njia ya kuingilia, mpaka, maji, na migomba na mibuni kwa karibu.

2. Maneno. Anza na kijiji, kata na ekari. Sema ni kibanja au rweya. Usiandike "kahawa nyingi". Hesabu mibuni ya robusta, weka idadi.

3. Umiliki. Taja kama una hati ya haki miliki ya kimila. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kuuza kunahitaji idhini ya halmashauri ya kijiji. Kama ni kibanja cha ukoo, malizeni kikao cha familia kwanza.

4. Mnyauko wa migomba. Usiufiche. Mnunuzi mjanja atakata mgomba, akiona ute wa manjano bei inaporomoka palepale. Andika: "Migomba 20 iliyougua imeng'olewa."

Kabla ya kutuma, mpe jirani asome. Akiuliza swali, ongeza jibu lake kwenye tangazo.