Mzee wa Jicho Moja: Namna ya Kubishana Kuhusu Indiana Jones Bila Kununiana

Mimi na shemeji yangu tuliwahi kununiana siku mbili kwa sababu ya jicho. Yeye alishikilia kwamba Indiana Jones, yule shujaa wa filamu tunayemwita Indy, alizeeka akiwa na chongo, jicho la kulia limefunikwa kitambaa cheusi. Mimi nikaapa kwamba tamthilia nzima ya ujana wake nimeitazama, na mzee huyo simjui. Kahawa ikapoa, kashata zikabaki sahanini. Baadaye tuligundua kwamba hakuna aliyekuwa na kumbukumbu mbovu. Tulikuwa tumetazama vitu viwili tofauti, na kila mmoja alidhani mwenzake ametazama kile kile.

Filamu zikishapendwa, kisha ikatungwa tamthilia ya kueleza yaliyotangulia, ubishi wa namna hii haukwepeki. Ni ubishi mtamu, na wala sitaki uishe. Ila una kanuni zake, na ukizifuata mtaondoka kijiweni mkiwa mmejifunza kitu, tena mkiwa bado mnasalimiana.

1. Kila kisa kiandikie miaka miwili

Chukua karatasi uchore safu mbili. Ya kwanza ni mwaka kisa kilipotoka, ya pili ni mwaka kinapotokea ndani ya hadithi. Raiders of the Lost Ark ilitoka 1981, mambo yake ni ya 1936. Temple of Doom ilitoka 1984, lakini inarudi nyuma hadi 1935. The Last Crusade ni ya 1989. Mambo yake ni ya 1938, ila inaanzia 1912, Indy akiwa skauti wa miaka 13 huko Utah. Filamu ya fuvu la kioo, ya 2008, iko 1957. Dial of Destiny, ya 2023, inagusa kwanza Vita vya Pili vya Dunia, kisha inatua 1969. Tamthilia ya The Young Indiana Jones Chronicles ilianza kuonyeshwa Marekani Machi 1992, nayo inashika utoto wa 1908 hadi 1910, halafu ujana kuanzia 1916.

Karatasi hiyo peke yake inaua nusu ya maswali. Mtu akikuuliza mbona mtoto anayezunguka Afrika Mashariki mwaka 1909 hana kovu kidevuni, weka kidole kwenye 1912. Kofia, mjeledi, woga wa nyoka na kovu, vyote alivipata katika mkasa mmoja wa Utah, sehemu kubwa yake ikiwa juu ya treni ya sarakasi.

2. Kabla ya kubisha, uliza toleo

Hapa ndipo mimi na shemeji tulipokwama. Tamthilia ilipotoka kwa mara ya kwanza, kisa kilifunguliwa na kufungwa na Indy mzee wa miaka 93, mwenye kitambaa jichoni, aliyeigizwa na George Hall. Mzee huyo alikuwa akiwashika watu njiani na kuwasimulia ya ujana wake, wapende wasipende. Mwaka 1999 mtayarishaji George Lucas na watu wake waliihariri upya kazi yote ikawa filamu 22, na mzee akaondolewa. Shemeji alitazama kanda ya zamani iliyorekodiwa kutoka televisheni. Mimi nilitazama diski zilizotoka baada ya uhariri ule.

Kwa hiyo swali la kwanza kabisa liwe: “Wewe uliitazama lini, na kwa njia gani?” Liulize kwa upole, maana kuna namna ya kuliuliza inayosikika kama tusi.

Tena mzee huyo si pambo. Akiwepo, kila unachokiona ni kauli yake, na sote tuna babu ambaye simba aliyemkimbiza mwaka juzi, mwaka huu keshamuua kwa panga. Akiondolewa, mambo yale yale yanakuwa matukio yaliyotokea kweli ndani ya hadithi. Anayetetea toleo la kwanza ana haki ya kusema, “Huenda mzee alitia chumvi.” Anayetetea la pili hana mlango huo.

3. Pima ushahidi kama hakimu

Yapange madai katika ngazi tatu. Ya juu ni ulichokiona kwenye skrini. Ya kati ni ulichosikia mhusika akikisema. Ya chini ni kilichotoka nje ya skrini: riwaya, mahojiano, maelezo nyuma ya jalada.

Tazama suala la Pancho Villa, mwanamapinduzi wa Meksiko. Katika filamu ya 2008, Indy anamweleza kijana Mutt kwamba lugha ya Kikechua aliipata kwa watu wa Villa, alipokuwa na jeshi lao. Kwa anayezijua filamu peke yake, hayo ni maneno tu. Lakini kisa cha kwanza kabisa cha tamthilia kinamwonyesha Indy akiingia kwenye jeshi la Villa huko Meksiko, Machi 1916. Kauli na tukio vikikutana hivyo, dai limesimama, na ni vigumu kwa mtu kuendelea kusema kwamba filamu haziitambui tamthilia.

4. Tenganisha pengo na mgongano

Mambo mengi yanayoitwa mgongano ni pengo tu, yaani kipindi ambacho hatukuonyeshwa. Mwaka 1912 familia iko Utah. Mwaka 1916 Indy anasoma katika mji wa Princeton. Watu huhama. Hakuna aliyesema hawakuhama.

Jicho nalo ni hivyo hivyo. Mwaka 1969 Indy ana macho yote mawili. Mwaka 1992 mzee ana moja. Katikati kuna miaka 23, na kwa maisha aliyoishi mtu huyu, ajabu ni kwamba limebaki hilo moja.

Mgongano halisi ni pale mambo mawili yanapokuwa hayawezi kuwa kweli kwa pamoja. Mfano ulio karibu zaidi ni familia. Mzee wa tamthilia ana binti na wajukuu. Filamu za 2008 na 2023 zinamjua mtoto mmoja, Mutt, na ile ya mwisho inatuambia alikufa vitani. Unaweza kumtafutia binti huyo nafasi, lakini itabidi utoe jasho. Ukifika hapo, kiri kwamba unatoa jasho.

5. Jibu la ndani na jibu la nje, usiyachanganye

Mwaka 1936 Indy anamwambia rafiki yake Brody kwamba haamini mambo ya uchawi. Lakini mwaka mmoja nyuma, huko India, aliona kwa macho yake mawe yakiwaka na kuunguza. Vipi?

Jibu la nje ni rahisi: filamu inayotokea 1936 ilitungwa kwanza, na ile inayotokea 1935 ilitungwa baadaye. Jibu la ndani linamhusu mtu mwenyewe: msomi huweza kukana mbele ya mwenzake jambo lililomtisha, hasa likiwa halina maelezo ya darasani. Yote mawili ni majibu halali. Ugomvi huzuka mmoja akiuliza la ndani, mwenzake akamjibu la nje kwa sauti ya kufunga mjadala. Kumwambia shabiki “ni filamu tu” si jibu. Hilo analijua, ndiyo maana kalipa kiingilio.

6. Sura si mtu

Paul Freeman aliigiza Belloq, hasimu wa Indy katika filamu ya 1981. Katika tamthilia akarudi akiwa Frederick Selous, mwindaji Mwingereza. Mtu akikwambia huo ni ushahidi kwamba Belloq na Indy walijuana zamani, mnunulie kahawa nyingine. Mwigizaji ni mmoja, wahusika ni wawili.

Kinyume chake pia kipo. Harrison Ford alitokea mara moja kwenye tamthilia, mwaka 1993, akiwa Indy wa 1950 mwenye ndevu nyingi. Ndevu hizo alikuwa nazo kwa ajili ya filamu ya The Fugitive. Mwaka 1957 Indy hana ndevu. Wembe upo.

7. Iite historia itoe ushahidi

Tamthilia hii hupenda kumkutanisha Indy na watu waliokuwepo kweli, na baadhi yao walipita kwetu. Theodore Roosevelt, rais mstaafu wa Marekani, alishuka Mombasa Aprili 1909 kwa safari ndefu ya uwindaji, kwa hiyo kisa kinachomweka Indy mdogo karibu naye Septemba mwaka huo, wakitafuta choroa, kinakaa vizuri kwenye kalenda.

Kisha kuna kile cha Novemba 1916, katika Afrika Mashariki ya Wajerumani. Indy anaingia kwenye kundi la wapiganaji wazee, Selous akiwemo, kuwinda treni yenye mzinga. Humo wanamteka hata kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, kisha wanamwachia. Ilibidi aachiwe, kwa sababu kamanda huyo alipigana hadi Novemba 1918 ndipo akasalimu amri Abercorn, mji ambao leo ni Mbala, Zambia. Selous yeye aliuawa Beho Beho, kusini mwa Tanzania, tarehe 4 Januari 1917, wiki chache tu baada ya wakati wa kisa hicho, na jina lake likabaki kwenye pori la akiba.

Mbinu ya watunzi inaonekana wazi hapo: humwazima mtu wa historia, humtumia, halafu humrudisha mahali pake kabla historia haijamhitaji. Ukiona mtu maarufu anaachiwa bila sababu ya kutosha, fungua kitabu cha historia. Sababu mara nyingi iko huko.

8. Jua pa kuishia

Wekeni mapema makubaliano mawili: asiye na ushahidi hakatazwi kusema “sijui”, na aliyeshindwa hoja moja hajashindwa zote. Hoja ikigota, iandikwe kwenye ile karatasi chini ya mstari, isubiri.

Mimi na shemeji tulifanya hivyo. Jicho tulilimaliza dakika ile aliponiambia kwamba yake ilikuwa kanda ya zamani. Nilimwomba radhi kwa zile siku mbili. Akanyamaza, akatafuna kashata taratibu, kisha akauliza: “Sasa shemeji, yule binti wa mzee, mama yake ni nani?”

Hilo liko chini ya mstari hadi leo.