Makaazi ya Chui wa Unguja na Jinsi Yalivyopungua

Chui wa Unguja alikuwa mdogo wa umbo kuliko chui wa bara, na madoa ya ngozi yake yalikuwa madogo na yaliyosongamana. Tofauti hiyo ilitokana na kutengwa: bahari ilipopanda mwishoni mwa zama za barafu, Unguja ilikatika kutoka bara, na chui waliobakia wakazaana peke yao kwa maelfu ya miaka. Mwaka 1932 mtaalamu wa Uingereza, R. I. Pocock, alimpa jina la kitaalamu la adersi, kwa heshima ya Dkt. W. Mansfield-Aders aliyefanya kazi ya elimu ya viumbe Zanzibar. Watafiti wa baadaye wamemjumuisha na chui wa Afrika nzima. Hilo ni suala la majina tu.

Ngome yake ilikuwa ardhi ya maweni ya kusini na mashariki, ambako udongo ni haba na jembe halizami. Vichaka vilimpa maficho. Paa nunga, paa wadogo na kima punju wakampa riziki. Lakini watu walipoongezeka, maweni nayo yalifyekwa kwa kilimo cha kuhamahama, kuni zikakatwa kwa ajili ya majiko na matanuu ya chokaa, na wawindaji wakawamaliza paa. Chui aliyekosa paa alisogea vijijini kutafuta mbuzi na kuku, na hapo ndipo ugomvi ulipokomaa.

Ugomvi huo ulikuwa na sura ya pili. Wengi waliamini kuwa baadhi ya chui hufugwa na wachawi na kutumwa kudhuru watu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 iliendeshwa kampeni ya kupambana na wachawi pamoja na chui wao, ikiongozwa na mganga aliyejulikana kwa jina la Kitanzi. Imani hiyo iliwavuruga hata watafiti, kwani aliyesema amemwona chui hakuwa lazima anamzungumzia chui wa mwituni. Takwimu za Serikali zilionesha chui waliouawa hadi katikati ya miaka ya 1990.

Hesabu ya eneo yatosha kueleza uzito wa jambo. Huko bara chui dume mmoja huweza kutawala zaidi ya kilomita za mraba 30. Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa mwaka 2004, ina takriban kilomita za mraba 50, na sehemu yake ni mikoko. Ni pahala pa chui wachache mno, si pa kizazi kizima.

Mwaka 2018 kamera iliyotegwa kisiwani ilinasa mnyama aliyefanana na chui. Picha hiyo haikukata shauri, na wataalamu wengi bado wanamhesabu kuwa ametoweka. Paa nunga, aliyekuwa mawindo yake, angali hai katika maweni hayo hayo, ingawa kwa shida.

Mkaazi atakayekuta nyayo, kinyesi au mzoga unaotiliwa shaka asiviguse wala kuvifukia. Avifunike kwa makuti dhidi ya mvua, akumbuke siku na mahali, na amwarifu sheha wa shehia yake ili maafisa wa misitu wafike kuvikagua.