Homoni za moyo: panya mzee anatufundisha nini?

Pepa ni nchi ya ng'ombe. Huku juu kwenye nyanda za Marungu, jimbo la Tanganyika, aliyewahi kuchinja anaujua moyo kwa kuushika mkononi. Mtaalamu wetu wa fiziolojia anajibu maswali kuhusu kazi ya moyo isiyoonekana kwa macho: kutoa homoni, na namna uzee unavyoibadili kazi hiyo.

Swali: Sisi tunajua moyo unasukuma damu. Homoni zinatoka wapi?

Jibu: Shika moyo wa ng'ombe utazame juu yake. Kuna vipande viwili laini, vyembamba, vyenye umbo la masikio. Hizo ni sehemu za vyumba vya juu, yaani atria. Mwaka 1956 hadubini ya elektroni ilionyesha kwamba seli za atria zina vifuko vidogo sana, lakini kazi yake haikujulikana. Mwaka 1981 Adolfo de Bold, mzaliwa wa Argentina aliyekuwa akifanya kazi Kingston, Canada, alisaga atria za panya pamoja na wenzake, wakawadunga panya wengine maji yake. Haukupita muda panya wale wakakojoa mno, na mkojo ukatoka na chumvi nyingi. Maji ya vyumba vya chini hayakuleta badiliko hilo. Homoni yenyewe ikaitwa ANP. Ndugu yake, BNP, iligunduliwa Japani mwaka 1988 katika ubongo wa nguruwe, kisha ikabainika kuwa kiwanda chake kikubwa ni moyo.

Swali: Moyo unajuaje wakati wa kuimwaga?

Jibu: Kwa kutanuka. Damu ikijaa kupita kiasi, ukuta wa atria huvutika na seli zake huachia ANP. Ikifika kwenye figo, chumvi na maji hutoka. Mishipa nayo hulegea na presha hushuka. Haikai sana: nusu ya ANP huondoka katika damu ndani ya dakika chache tu, ilhali BNP huchukua kama dakika 20.

Swali: Panya akizeeka, homoni hizi hupungua?

Jibu: Wengi hudhani hivyo, kumbe katika damu huongezeka. Panya wa maabara huishi miaka 2 hadi 3, kwa hiyo wa miezi 24 ni mzee. ANP katika damu yake huwa juu kuliko ya panya kijana. Vyumba vya chini navyo huanza kuitengeneza kwa wingi, kazi viliyokuwa nayo panya alipokuwa tumboni mwa mama yake na vikaiacha baada ya kuzaliwa. Sababu ni kwamba misuli ya moyo imekakamaa, hivyo atria huvutika zaidi. Zaidi ya hayo, figo zilizochoka hazisafishi damu haraka kama zamani.

Swali: Basi mzee ana kinga kubwa zaidi?

Jibu: La. Wingi wa homoni ni dalili ya mzigo. Katika wanyama ambao moyo wao umeshindwa, figo huitikia ANP kidogo tu, ingawa imejaa kwenye damu. Ni kupiga hodi mara kumi kwa mtu asiyesikia vizuri.

Swali: Je, mwinuko wa Marungu una athari?

Jibu: Nyanda hizi hupanda kupita mita 2,400. Oksijeni ikipungua, mishipa ya mapafu hubana na upande wa kulia wa moyo hufanya kazi zaidi; ukitanuka, homoni hupanda. Huko Colorado, Marekani, ugonjwa wa ng'ombe wa milimani wanaovimba kifuani kwa sababu hiyo uliandikwa tangu 1915. Watu waliozaliwa kwenye mwinuko wa namna hii kwa kawaida huwa wameuzoea.

Swali: Panya si mtu. Tunafaidika nini?

Jibu: Kweli, panya wa maabara hula chakula kilekile na hawaugui malaria. Lakini walichoonyesha kuhusu umri kinaonekana pia kwa binadamu, na kimeingia hospitalini. Daktari akimpokea mgonjwa anayehema kwa shida, anaweza kupima NT-proBNP, kipande kinachobaki BNP inapokatwa kutoka kwenye protini inayoizaa. Chini ya miaka 50, kipimo kinachozidi pikogramu 450 kwa mililita huashiria moyo kushindwa. Miaka 50 hadi 75 mpaka ni 900. Zaidi ya 75 ni 1,800. Kwa hiyo namba bila umri inaweza kupotosha.

Swali: Na kwetu Afrika?

Jibu: Hapa ndipo penye uzito. Utafiti wa THESUS-HF, uliochapishwa mwaka 2012, ulifuatilia wagonjwa 1,006 wa moyo kushindwa katika nchi 9 za Afrika, zikiwemo Kenya na Uganda. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 52, na chanzo kikuu kilikuwa presha. Huo si uzee. Mtu wa miaka 40 anayehema akipanda kilima alichokizoea, na jioni miguu imevimba, asiambiwe kwamba umri umemfikia. Apimwe presha siku hiyo hiyo, na chumvi ipunguzwe kwenye chungu, samaki wakavu wa chumvi wakiwemo.