Kutembeza Watu Kariakoo na Ilala: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Matembezi ya historia ya pombe na burudani yana sharti moja: yasigeuke ziara ya ulevi. Mwenye kiu aende baa.

Anza mapema. Saa moja asubuhi, kabla wamachinga hawajatandaza bidhaa. Mkokoteni wenye mzigo haumsubiri mtu anayepiga picha.

Usianzie kiwandani. Mwongozaji mvivu hukimbilia Mtaa wa Uhuru, akawapanga watu mbele ya kiwanda cha bia cha Ilala na kuwakaririsha miaka: 1933 kampuni ilianzishwa, 1967 serikali ikaitaifisha, 1993 kampuni ya bia ya Afrika Kusini ikaingia ubia. Yote kweli, lakini hiyo ni historia ya chupa. Kabla ya chupa kulikuwa na pipa, na penye pipa alikuwapo mwanamke.

Eleza kazi yake ya kupika pombe hatua kwa hatua. Nafaka huloweshwa, ikachipua, ikaanikwa na kusagwa ikawa kimea. Uji hupikwa, ukapoa, kimea kikatiwa, kisha unasubiriwa uchachuke. Hapo bado kuni, maji na wateja wa kukopa. Mkoloni alitaka kazi hiyo ifanyike mahali penye leseni ili ushuru ukusanywe. Aliyepikia uani bila kibali alikuwa anacheza na polisi. Msikilizaji asipoelewa hivyo, atadhani pombe ya kienyeji ni kichekesho cha watalii.

Usiibeze chibuku, pombe ya nafaka. Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC, lilikuwa na mkono katika biashara hiyo, na shirika hilohilo ndilo lililoichukua bendi ya Mlimani Park mwaka 1983, miaka mitano baada ya bendi kuundwa. Jiji lilikuuzia kinywaji, likakupigia na muziki! Jambo hili peke yake linastahili dakika kumi za kusimama.

Mtaje Bibi Titi Mohamed mahali pake. Alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kabla ya kuongoza wanawake wa chama cha TANU mwaka 1955, na wanawake wengi aliwapata kupitia vikundi vya ngoma. Anayepita Mtaa wa Lumumba, yalipokuwa makao ya TANU, akihubiri siasa tupu bila kutaja ngoma amesimulia nusu.

Usitunge. Si kila nyumba yenye baraza Mwalimu Nyerere alilala humo. Hujui? Nyamaza, endelea na safari.

Usipite na kopo mkononi. Kariakoo ni mtaa wa misikiti na wa watu wanaoheshimiana. Ijumaa mchana usipange matembezi. Ramadhani, kuonja kufutwe kabisa. Usijitetee kwamba wenyeji wamezoea. Hukuwauliza.

Gongo, pombe kali ya kienyeji, isiguswe. Ikiingia methanoli, inapofua macho na kuua. Hapa hakuna mjadala wa utamaduni.

Vaa nguo isiyo na timu. Yanga ya 1935 iko Jangwani, Simba ya 1936 iko Msimbazi, nanyi mtapita kote kuwili. Ubishi wa jezi utakula saa nzima, na mwongozaji mwenyewe ndiye atakayeuanza.

Omba ruhusa kabla ya picha. Mama anayechuja pombe ana wanawe wanaosoma na wakwe wanaomheshimu. Huenda hataki sura yake izunguke kwenye simu za watu. Akikataa, imekwisha. Usimrudie kwa noti. Na pale ghorofa lilipoanguka Novemba 2024 mpite kimya, bila kamera. Watu walikufa pale.

Usiseme "zamani" kana kwamba yote yamekufa. Nyumba za Kiswahili zinabomolewa kupisha maghorofa, kweli, lakini dansi lingalipo na kimea kingali kinaanikwa. Uliza leo wapi kuna bendi, uwaambie wageni kiingilio ni kiasi gani.

Lipa kwanza aliyewapokea. Kiasi kitajwe asubuhi, mbele ya wote, na mama alipwe kabla kundi halijatoka uani kwake. Mwongozaji achukue chake mwishoni.