Simbilisi mwenye uvimbe kwenye ngozi: usimtumbue, na usikimbilie penisilini

Somo la leo ni la wafugaji wa mjini kabisa: ninyi mnaokaa maghorofani Kariakoo, Gerezani, Upanga na Kisutu, na kwenye varanda kuna banda dogo la simbilisi wa watoto. Simbilisi ndiye yule ambaye wengine wanamwita ginipigi. Kule Iringa, Njombe na Mbeya wanamfuga kwa kitoweo. Hapa mjini wengi wanamfuga kwa mapenzi tu, ana jina lake na watoto hawalali bila kumuaga.

Swali linalojirudia ni hili: "Afisa, nimempapasa simbilisi wangu mgongoni nikakuta uvimbe kama punje ya njegere. Nimpe dawa gani?"

Jibu ni kwamba kabla ya kuuliza dawa, jua kwanza ni uvimbe gani. Uvimbe wa ngozi mara nyingi haumuui simbilisi. Kinachomuua ni dawa aliyopewa kwa kubahatisha.

Ni uvimbe gani?

Mkalishe kwenye taulo mapajani, mahali penye mwanga. Tenganisha manyoya kwa vidole, angalia na upapase taratibu.

1. Kifuko cha mafuta, ambacho madaktari wanakiita sisti. Kinatokea pale tundu la nywele linapoziba, uchafu wa ngozi na mafuta vikajikusanya chini. Kinakua polepole, kwa wiki au miezi. Ni cha mviringo, kinasogea kidogo ukikigusa, na mnyama halalamiki. Kikipasuka kinatoa uji mzito mweupe au wa kijivu, kama dawa ya meno.

2. Jipu. Hili linakuja haraka, ndani ya siku chache. Pana joto, pamekuwa pekundu, ukigusa anapiga kelele. Ndani kuna usaha. Mara nyingi chanzo ni kung'atwa na mwenzake au kuchomwa na waya wa banda.

3. Uvimbe chini ya taya au shingoni. Huu uogope. Kuna bakteria wanaoshambulia tezi za shingo za simbilisi na wanaambukiza wenzake. Mtenge siku hiyo hiyo.

4. Uvimbe wa vinyweleo. Simbilisi anaupata sana, hasa mgongoni karibu na kiuno. Kwa kawaida si saratani, lakini kwa macho tu huwezi kuutofautisha na sisti.

Kuna na kitu kingine ambacho si ugonjwa kabisa. Nyuma kabisa, pale ambapo mkia ungekuwepo, simbilisi ana tezi ya mafuta. Kwa dume inakuwa kubwa, manyoya yananata na kuwa meusi. Watu wengi wakiiona wanadhani ni uvimbe. Hiyo isafishe tu kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu na sabuni kidogo isiyo kali, kisha suuza na umkaushe vizuri.

Kwa nini usitumbue

Kutumbua majipu kulipendwa sana kwenye siasa zetu, ila kwa simbilisi hakufai. Sisti ina ganda lake ndani, kama mfuko. Ukiminya, uchafu unatoka lakini mfuko unabaki, na baada ya muda unajaa tena. Mbaya zaidi, mfuko unaweza kupasukia ndani ya ngozi, na kile kilichokuwa kimetulia kikageuka kidonda chenye usaha. Na kwa inzi tulionao mjini, kidonda wazi kinaweza kupata funza ndani ya siku moja au mbili.

Kwa nini usikimbilie penisilini

Hapa ndipo naomba usome mara mbili. Ukiingia kwenye maduka ya dawa za mifugo yanayozunguka soko la Kariakoo ukasema mnyama ana uvimbe, ni rahisi kupewa Penstrep au OTC. Kwa ng'ombe na mbuzi hizo ni dawa za kila siku. Kwa simbilisi ni hatari.

Tumbo la simbilisi linategemea bakteria wazuri wanaosaga majani. Penisilini, ampisilini na amoksilini zinawaua hao, na wale wabaya wanazaliana na kumwaga sumu. Mnyama anaharisha, anaacha kula, na anaweza kufa ndani ya siku chache. Oksitetrasaiklini, ambayo ndiyo OTC, na erithromaisini nazo zinaweza kumletea balaa hilo hilo. Vidonge vya amoksilini vilivyobaki kabatini baada ya mtoto kuumwa usimpe hata robo.

Zipo dawa za bakteria anazozivumilia, kama enrofloksasini, na ile ya mchanganyiko wa trimethoprimu na salfa. Ila dozi inapigwa na daktari kwa uzito wa mnyama. Halafu sisti isiyo na maambukizi haihitaji dawa ya bakteria hata kidogo.

Ufanye nini nyumbani

- Pima uvimbe kwa rula na uandike tarehe. Rudia kila wiki. Kama ni mdogo, haukui na haumsumbui, unaweza kuendelea kuuangalia tu.
- Mpime uzito kwa mizani ya jikoni. Mkubwa huwa na gramu 700 hadi 1,200. Akiwa na kidonda mpime kila siku. Akiendelea kupungua ni dalili mbaya.
- Ukipasuka wenyewe, chemsha maji nusu lita, weka chumvi kijiko cha chai kisichojaa, acha yapoe. Punguza manyoya pembeni, osha taratibu kwa shashi safi mara mbili kwa siku. Usipake spiriti, majivu, mafuta ya taa wala oili chafu.
- Ondoa maranda kwa muda, maana yanaingia kwenye kidonda. Tandika taulo au kitambaa safi na ubadilishe kila siku. Funika banda kwa kipande cha chandarua kuzuia inzi.
- Kama si uvimbe wa shingoni wala jipu, usimtenge na mwenzake. Simbilisi akikaa peke yake ananyong'onyea.

Chakula cha kumponyesha

Simbilisi ni kama binadamu: mwili wake hautengenezi vitamini C. Akiikosa, vidonda haviponi. Anahitaji miligramu 10 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na mgonjwa ndiye anayehitaji zaidi. Robo ya pilipili hoho ya wastani kwa siku inamtosha, tena hoho sokoni hazikosekani. Pera lina vitamini C nyingi kuliko hoho, ila lina sukari, kwa hiyo mpe kipande kidogo tu. Chakula kikuu kibaki nyasi kavu na ukoka, wakati wote. Usikate nyasi kando ya barabara wala kwenye mitaro ya maji machafu.

Kumbuka na joto. Kuanzia Desemba hadi Machi, Dar inapita nyuzi 30, na simbilisi hawezi kutoa jasho kama sisi. Mgonjwa mweke upande wenye kivuli na hewa, na umwekee chupa ya maji ya barafu iliyofungwa kitambaa aegemee.

Lini umpeleke kwa daktari

Mpeleke mapema kama uvimbe unakua, una joto, upo shingoni, au umepasuka. Kama hajala kwa saa 12, usingoje kesho.

Tafuta daktari aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari Tanzania, na muulize kama ameshatibu simbilisi au sungura. Atavuta sampuli kwa sindano kujua kilichomo. Ikiwa ni sisti inayosumbua, ataitoa pamoja na mfuko wake, ndipo isirudi. Muulize pia kuhusu kumfungisha kula kabla ya upasuaji: simbilisi hatapiki, na kumshindisha njaa usiku kucha kunamdhuru. Ikishindikana hapa mjini, hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, ni safari ya asubuhi tu.

Najua wapo watakaosema, "Kwa kimnyama kama hicho? Si ununue kingine?" Sawa, kingine kinapatikana. Lakini mtoto wako anakuangalia unavyomtunza mgonjwa aliye mdogo kuliko wote nyumbani, na hilo nalo ni somo.

Leo jioni mpapase wako kuanzia taya hadi kiuno. Ukikuta kitu, chukua rula na daftari kwanza, na dukani usiende bila ushauri wa daktari. Tukutane somo lijalo.