Sindano ya mbuzi si nguvu ya mchezaji



Msimu uliopita nilikuwa nachanja mbuzi upande wa Kabambare. Kijana mmoja wa koperative akanikaribia. Timu yake ilikuwa na mechi siku ya yenga. Akaniuliza polepole: « Agronome, huwezi kunipatia kidogo ile sindano ya kunenepesha mbuzi? Nataka nguvu. » Nilimkatalia, lakini swali lake linastahili jibu. Ndilo somo letu la leo.

1. Dawa hiyo ni nini?

Mwili wa mwanaume unatengeneza homoni inayoitwa testosteroni. Ndiyo inaleta ndevu, sauti nzito na misuli. Viwanda vimetengeneza dawa zinazofanana nayo, zinaitwa steroidi za anaboliki. Moja ni nandroloni. Waganga wanaitumia kwa wagonjwa fulani, na veterinere kwa mnyama aliyedhoofika sana. Kwa kawaida ni sindano ya mafuta: inakaa mwilini na kutoka kidogo kidogo, hata vipimo vinaweza kuikuta miezi mingi baadaye.

2. Inaharibu nini?

- Mwanaume: mapumbu yanasinyaa na mbegu zinapungua. Anaweza kukosa mtoto.
- Mwanamke: ndevu zinaota, mwezi unavurugika, na sauti nzito inaweza kubaki hivyo milele.
- Kijana anayekua: mifupa inafunga mapema, anabaki mfupi.
- Kila mtu: mafuta mabaya yanaongezeka katika damu, moyo unaumia.

Tena, vijana wakichomana kwa sindano moja, wanaweza kupeana ukimwi na homa ya ini.

3. Kwa nini michezo inaikataza?

Kwa sababu inaharibu mwili na inaiba ushindi wa mwingine. Kamati ya Olimpiki iliziweka steroidi katika orodha ya dawa zilizokatazwa mwaka 1975. Mwaka 1988 kule Seoul, Ben Johnson wa Kanada alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.79. Mkojo wake ukaonyesha steroidi inayoitwa stanozololi. Akanyang'anywa medali, ikaenda kwa Carl Lewis wa Marekani.

Karibu na siye, Mathew Kisorio wa Kenya alikimbia nusu maratoni kwa dakika 58 na sekunde 46 mwaka 2011. Mwaka uliofuata vipimo vilimkamata na steroidi. Mwenyewe alikiri, akafungiwa miaka 2. Kwa mkimbiaji, miaka 2 ni kama mkulima kukosa misimu minne.

4. Na siye wafugaji?

Jambo hili linatugusa. Mwaka 2011, Mexico ilipokea Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17. Katika vipimo 208 vya mkojo, 109 vilionyesha klenbuteroli. Hiyo si steroidi, lakini wafugaji fulani wanaitumia kunenepesha ng'ombe. FIFA haikuwaadhibu vijana, maana ilionekana dawa imetoka katika nyama waliyokula. Angalieni: kosa la mfugaji lilifika hadi katika mwili wa mtoto wa mwingine.

Kwa hiyo:

- Usinunue dawa ya mifugo isiyo na karatasi yake.
- Muulize veterinere kabla ya kuchoma.
- Soma « temps d'attente », yaani siku za kungoja kabla ya kuchinja au kukamua. Uziheshimu.
- Chupa za dawa zifungiwe mbali na vijana.

5. Nguvu inatoka wapi?

Mbuzi aliyekonda, mara nyingi ana minyoo au njaa. Mpe dawa ya minyoo, majani ya viazi, maganda ya mihogo yaliyokauka vizuri, chumvi na maji safi. Mchezaji naye ale maharagwe, karanga, samaki, sombe na wali wetu wa Kasongo. Alale vya kutosha, afanye mazoezi kila siku. Ni njia ndefu, lakini haimwachi mtu bila uzazi.

Yule kijana alicheza bila sindano. Walifungwa 2 kwa 1. Lakini bado anacheza, na mwili wake ni mzima.

Maswali ya mkutano

1. Nani anatunza dawa za mifugo katika kikundi chetu?
2. Tumekwisha kuuza mbuzi kabla ya siku za kungoja kuisha? Tutafanya nini isirudie?
3. Nani atazungumza na vijana wa timu zetu?